Mwalimu wa Sura na Ukurasa wa Kidole

Uso wake sitauandika. Nakwambia mapema usije ukafika mwisho ukaniuliza, "Sasa huyu mama alifanana vipi?" Mikono nitakupa, sauti nitakupa, viatu nitakupa, hata kikapu chake kilichonuka nta nitakupa bure. Uso hapana. Sababu ninayo, na nitaisema wakati wake ukifika.

Alikuwa mwalimu wetu katika chuo cha walimu juu kidogo ya mji wa Meru, miaka ya themanini. Kwenye karatasi za serikali alikuwa mwalimu wa sanaa na ufundi. Sisi tulimwita Mwalimu wa Sura, kwa sababu alitufundisha kutengeneza sura za jukwaani: pua ya bandia, shavu lililoporomoka, kidonda, paji la mzee wa miaka themanini juu ya paji la msichana wa miaka ishirini. Tuliingia darasani tukidhani ni somo la kupaka rangi. Wapi! Rangi ilikuja mwisho kabisa, tena kidogo. Kwanza ilikuwa kujenga. "Uso ni kama shamba la huku kwetu," alisema, "una milima na mabonde. Nani amewahi kuona tambarare hapa Meru?"

Wiki ya kwanza alituambia kila mtu amgeuze mwenzake awe mzee. Tukachukua makaa, tukachorana mistari. Paji mistari mitatu, mdomoni miwili miwili, kwisha kazi. Akampeleka mmoja wetu mwisho wa ukumbi, akasimama huku mbele mikono kiunoni, akamtazama kwa muda.

"Mzee yuko wapi?" akauliza. "Mimi naona kijana aliyelalia mkeka."

Tulicheka mpaka tukasahau kwamba sote tulikuwa tumelalia mkeka ule ule. Kisha akaleta gunia la unga lililobaki nusu, akalisimamisha juu ya meza. Akalionyesha lilivyojikunja pale juu ambapo unga umepungua, na lilivyofura kule chini. "Gunia lililojaa halina mikunjo. Uzee si mistari, watoto. Uzee ni vitu kushuka. Nendeni mkaangalie ni vitu gani vinashuka, vinashukia wapi."

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa soko la nyumbani kwa kila mtu. Mimi nilikuwa Laare. Kulikuwa na msichana mmoja mrefu kutoka Mbeere, yeye alikuwa Gachoka. "Majina yenu ni ya mama zenu," alisema. "Mimi nataka kujua mtu anatoka kwenye nyuso gani." Yule Gachoka baadaye alinikubali nikamwoa, na mpaka leo nikiwa na jambo kubwa la kumwambia namwita Gachoka. Jina lake halisi nalitumia tukiwa kanisani.

Mikono ya mwalimu ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, kucha fupi, na vidole vyake vilikuwa na mng'ao wa nta usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Alivaa viatu vya kiume, vyeusi, vya kamba. Alitembea upesi ukadhani anafukuza kuku. Kazi zetu alizisahihisha akiwa amefumba macho. Mwanafunzi anakaa kwenye kiti na sura yake ya bandia, mwalimu anafumba macho, anapitisha vidole polepole kuanzia kwenye nywele kushuka mpaka shingoni. Macho, alisema, yana huruma na urafiki. Vidole havina rafiki.

Alichokitafuta ni ukingo. Ukingo ni pale pua ya nta inapokutana na shavu la kweli. Ukiuacha umesimama, hata kwa unene wa uzi tu, taa ikiwaka unatupa kivuli, na mtu wa kiti cha mwisho anajua pua imebandikwa. Alitufanya tuulainishe kwa kidole chenye mafuta, mara mia, mara mia mbili. "Uongo haujulikani katikati," alikuwa akisema. "Katikati kila mtu anajua kudanganya. Uongo hujulikana ukingoni." Msemo huo nilikuja kuuona na meno yake baadaye.

Vifaa vya dukani havikuwepo, na vilivyokuwepo vilikuwa Nairobi. Alitumia vya hapa. Nta ililetwa na Gachoka, maana baba yake alikuwa na mizinga kwenye migunga huko kwao. Tuliiyeyusha na mafuta ya kujipaka na unga kidogo wa ngano mpaka ikashikana, hapo ndipo unafinyanga pua. Plasta ya kunakilia uso alipewa na rafiki yake wa hospitalini, ile ya kufungia mifupa. Mikunjo tuliipata kwa ute wa yai. Mmoja anaivuta ngozi ya chini ya jicho, mwingine anapaka ute, anaweka karatasi nyembamba ya shashi, anapaka tena. Mnangoja ikauke bila kucheka. Ukiiachilia ngozi, inajikunja yenyewe, mikunjo ya kweli inayocheza mtu akiongea.

Sasa mayai hayo, ndugu yangu, hayakupotea. "Ute ni wa sanaa, kiini ni cha tumbo." Alikuwa na jiko la makaa nyuma ya darasa, na kila baada ya somo la mikunjo alikaanga viini na kitunguu tukala kwa mkate, tukiwa wazee wa miaka tisini. Ukifungua mdomo sana uzee unapasuka, kwa hiyo tulikula vipande vidogo vidogo kwa adabu kubwa. Mwalimu mwenyewe hakula. Alitutazama tu na kuhesabu nani amepasuka wapi.

Siku moja mwenzetu alitengenezewa kidonda cha mguu, nta na maji ya kiazi chekundu na uzi mweusi ulioshonwa ovyo. Akapita mbele ya zahanati ya chuo akichechemea kwa mzaha. Muuguzi akamvuta ndani, akamlaza, akaanza kumfokea kwa kukaa na kidonda kama kile mpaka kikaoza. Alipokigusa na pamba kikatoka chote mkononi. Kelele aliyopiga tuliisikia darasani. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akarudi na uso wa... akarudi amefurahi, tuseme hivyo. "Ishirini kwa ishirini," akatangaza. "Si mimi niliyetoa. Ni serikali."

Lakini hayo yote yalikuwa ufundi, na ufundi unaweza kujifunza popote. Jambo lake yeye, ambalo sijalisikia kwa mwalimu mwingine, lilikuwa kuomba uso.

Hakukubali mzee wa kubuni. Kila sura lazima iwe imetoka kwa mtu aliye hai, anayejulikana anakaa wapi. Na mtu huyo lazima aombwe. Unakwenda kwake na robo ya sukari, unasimama mbele yake, unaiweka sukari chini, unasema wazi: mimi fulani, naomba uso wako, nitauvaa jukwaani siku fulani, mchezo ni wa jambo fulani. Akikubali, anaweka kidole gumba chake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, kwa masizi na mafuta. Tuliuita ukurasa wa kidole. Kazi isiyo na kidole hakuigusa.

"Mwizi wa ng'ombe," alisema, "mwenye ng'ombe anaweza kumfuata. Mwizi wa uso atafuatwa vipi? Mwenyewe hajui hata kama ameibiwa, anaona tu watu wanacheka akipita."

Gachoka alikwenda kwa babu yake mzaa baba, kule Mbeere, safari ya siku nzima na sukari kwenye kikapu. Babu akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mjukuu wangu, uso huu nimeuchoma jua miaka yote hii mimi mwenyewe. Hapana." Akarudi mikono mitupu, macho mekundu. Mimi nilimcheka. Mwalimu alichukua daftari lake, akamwambia aandike "Hapana" kwenye ukurasa wa kidole, kwa wino, na siku aliyoambiwa. Kisha akampa alama zote za kuomba.

"Lakini amekataliwa," nikasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo tunajua aliomba. Wewe Laare, ukienda mahali ambapo huwezi kuambiwa hapana, hujaenda kuomba. Umekwenda kuchukua."

Usidhani alikuwa malaika. Yeye aliyetufundisha kuomba, vitu vya chuo alivibeba bila kumuuliza mtu. Mara tatu mkuu wa chuo aliingia ofisini kwake akakuta viti havipo, viko jukwaani. "Kiti hakina haya," mwalimu alijitetea. Chaki alitugawia vipande vya ukubwa wa jino, na maparachichi ya shamba lake alitugawia kwa magunia. Kanisani kwake kuna waliomnong'onea kwamba anafinyanga masanamu ya watu. Alikaa nao benchi moja, akaimba sauti ya pili kwa nguvu, na Jumatatu akarudi kufinyanga. Aliuchukia uongo kiasi kwamba ukisema umechelewa kwa sababu ya mvua alitoka nje kuangalia viatu vyako. Na alipenda kushinda. Hilo hakulisema, lakini siku za tamasha la drama alikuwa hali, halali, na akiona kikombe kimewekwa mezani kwa waamuzi alikitazama kama mtu anayetazama ndama wake.

Sasa nifike kwangu. Nimezunguka vya kutosha.

Kazi ya mwisho ya mwaka wa pili ilikuwa uso mzima. Ule utakaopata alama za juu ungevaliwa katika mchezo wetu wa tamasha, na mchezo ulikuwa na mhusika mmoja mzee, nyanya mchuuzi. Gachoka ndiye angeigiza. Nilitaka uso wangu ndio uvaliwe.

Nilimpata mtu wangu Gakoromone, soko la pale mjini. Alikuwa nyanya mmoja aliyeuza njahi, yale maharage meusi ya huku kwetu, kwenye mlango wa soko, gunia limekunjwa mdomo, kikombe cha kupimia juu. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imeanguka nusu na haikupanda tena. Mdomo ulikuwa umeingia ndani upande mmoja. Nilijificha nyuma ya wauza mahindi wiki nzima, nikachora. Kurasa kumi na mbili. Nilimjua yule mama kuliko nilivyomjua shangazi yangu.

Kumwomba sikumwomba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu si zuri. Siku zilikuwa zimebaki mbili. Angeweza kusema hapana, kama babu ya Gachoka, na mimi ningeanza upya na mtu mwenye uso wa kawaida. Ile kope ilikuwa ushindi wangu. Basi sukari tukainywa bwenini kwenye uji, mimi na wenzangu wa chumba, na ukurasa wa kidole nikauwekea kidole changu mwenyewe. Nilipaka masizi, nikabonyeza. Kidole gumba ni kidole gumba, nikajiambia. Nani atajua?

Mwalimu alimkalisha Gachoka akiwa na sura niliyomjengea, akafumba macho, akapitisha vidole. Alikaa kwenye ile kope kwa muda mrefu. Akafumbua. Akafungua daftari langu mwisho, akautazama ukurasa wa kidole, akanitazama, akautazama tena.

"Uliomba, Laare?"

"Niliomba, mwalimu."

"Alisema nini?"

"Alicheka tu. Akasema sawa."

Akanipa kumi na tisa kwa ishirini. Ukurasa wa kidole hakuutia vema wala mkato. Daftari akalichukua, akasema litabaki kwake. Nilidhani ni heshima.

Ukumbi wa tamasha ulikuwa pale mjini na mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo watu wa sokoni walijaa. Gachoka alipoingia na kikombe cha njahi mkononi hatukusikia neno lake la kwanza. Watu walilipuka. "Ni nyanya wa mlangoni! Haki ni yeye! Angalia jicho!" Walipiga viti. Kila Gachoka alipogeuza ule upande wa kope, walicheka upya. Tulipewa kikombe. Nilibebwa juu juu mpaka nje.

Wiki mbili baadaye nilipita Gakoromone kununua ndizi. Watoto walikuwa wamesimama mbele ya yule nyanya, wanavuta kope zao chini kwa kidole, wanaimba, "Drama! Drama!" Nyanya alikuwa amevuta kitambaa cha kichwani mpaka kikafunika jicho. Alikuwa akimpimia mtu njahi bila kuona vizuri, nyingine zinamwagika. Nilirudi nyuma, nikapitia upande wa nguo. Mwezi uliofuata mlangoni kulikuwa na mtu mwingine, anauza viatu. Sikuuliza. Tangu siku hiyo, kama nina shughuli mjini, mlango ule sipiti.

Tulihitimu, nikapangiwa shule ya sekondari huko huko kwetu, nikawa mwalimu wa drama. Na unajua nilifundisha nini? Kuomba uso. Sukari, kidole, kila kitu. Na kila mwaka niliwasimulia wanafunzi mfano mzuri wa jinsi ya kuomba: jinsi mimi kijana wa Laare nilivyosimama mbele ya nyanya wa njahi, naye akacheka akasema sawa. Kila mwaka hadithi ilinenepa. Mwaka wa tano alikuwa amenipa kikombe cha njahi cha zawadi. Mwaka wa kumi alikuwa amenibariki. Aibu gani hiyo! Mtu unaogopa nini mpaka unawadanganya watoto wa watu kwa miaka zaidi ya thelathini?

Gachoka nilimwambia ukweli mwaka wa pili wa ndoa. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniwekea chai mezani, akasema, "Mimi ndiye niliyeuvaa. Ulinivika kitu cha wizi nikakicheza mbele ya watu." Hakurudia tena. Lakini nikianza ile hadithi yangu mbele ya wageni, anainuka kwenda kuangalia sufuria.

Ulipobaki mwaka mmoja nistaafu, nilitaka mchezo mmoja wa mwisho na wanafunzi wangu, wenye mwalimu mzee ndani yake. Uso nilioutaka ulikuwa mmoja tu. Nikanunua sukari, si robo, kilo mbili, kama vile wingi unasaidia. Mwalimu alikuwa amerudi kwao upande wa Embu, karibu na mashamba ya kahawa, magoti yakimsumbua. Gachoka alinifungia sukari kwenye karatasi. "Kabla hujaomba la pili," akasema, "maliza la kwanza." Nikajifanya sikusikia.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje, anamenya nduma. Viatu ni vile vile vya kamba.

"Muga, mwalimu."

Hakujibu salamu. Alifuta mikono kwenye aproni, akanionyesha nichutame mbele yake, akafumba macho. Vidole vikapita kwenye nywele, paji, chini ya macho, mashavu, taya. Nilikuwa mtu wa miaka karibu sitini na nimechutama kama mwanafunzi.

"Laare," akasema. "Vitu vimeshuka."

"Vimeshuka, mwalimu."

"Ukingo hauonekani. Kazi nzuri." Akafumbua macho. "Na mikunjo hii yote, ulimwomba nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasema haraka haraka kilichonileta: mchezo, mwalimu mzee, uso wake, sukari hii hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka kwa shida, akaingia ndani. Alitoka na daftari. Nililijua kwa mbali, jalada la bluu lililokatika kona. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akaliweka juu ya goti lake.

"Weka kidole chako hapo kando."

Nikiwa mdogo nyumbani nilikuwa nachana maganda ya migomba ya kufungia miraa, panga likateleza likanikata kidole gumba, mshazari, kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiungo. Kovu ninalo. Kwenye ukurasa, katikati ya ile alama nyeusi, kulikuwa na mstari mweupe, mshazari. Niliweka kidole kando yake. Mtoto wa chekechea angeona.

"Ulijua," nikasema. "Tangu siku ile."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma ngozi, au ni wewe uliyenifundisha?"

"Sasa mbona hukusema, mwalimu?"

Alichukua nduma nyingine, akaigeuza mkononi bila kuimenya. "Ningesema, ungekwenda mbio kumwomba kwa ajili ya alama. Nilitaka uende kwa ajili yake. Hilo ndilo nililojiambia." Akaiweka nduma chini. "Lakini si ukweli wote. Nilikitaka kile kikombe, Laare. Nilijua uso haujaombwa, nikauacha uvaliwe jukwaani. Watoto walipoanza kumwimbia, nilikwenda kwake mimi mwenyewe na sukari, nikamwambia kosa langu. Lako sikulisema. Lako si langu."

Nilihisi aibu mpaka masikioni, na nitasema ukweli, nilimkasirikia pia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka juu kabisa, na kumbe tulikuwa wawili.

"Yule mama ameshafariki," akasema. "Binti yake anauza njahi hapo hapo Gakoromone, kule nyuma kwenye maboga. Chukua daftari. Na sukari yako, sijaikubali."

Nilikwenda Jumamosi, siku ya watu wengi. Sikuhitaji kuuliza ni yupi. Kope ya kushoto ya huyu mama nayo ilikuwa imeanza kushuka. Nikaweka robo ya sukari chini, nikasema yote nimesimama, wauza maboga wanasikiliza. Nilipofika kwenye watoto waliokuwa wakiimba, niliruka maneno, nikaanza tena.

Yule binti akaweka chini kikombe cha kupimia. "Kumbe ni wewe," akasema. Kisha akavuta ungo. "Kaa hapa. Chambua."

Nikakaa kwenye gunia tupu na suti yangu ya mwalimu, nikachambua njahi tangu saa tatu mpaka adhuhuri, nikitoa mawe na zilizotobolewa. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walipita wakanisalimu wakishangaa. Yeye aliuza tu, hakunisemesha. Ungo ulipoisha akaumwaga guniani, akasema taratibu, bila hasira:

"Mama hangekukataza. Alipenda mambo ya kuchekesha. Angekuambia tu usiweke lile jicho."

Hapo ndipo nililia. Sikujificha, na hakuna aliyenicheka. Jicho lile lilikuwa kila kitu changu, na neno moja tu lingeliokoa, na nisingepoteza chochote ila kikombe. Alinyoosha mkono akachukua daftari. Masizi aliyapata kwenye sufuria ya mama wa chai wa jirani. Akabonyeza kidole chake chini ya changu, kwa nguvu, akafutia mkono kwenye leso.

Nilirudi Embu wiki iliyofuata. Mwalimu alipitisha kidole juu ya ile alama mpya, akatafuta kalamu nyekundu kwenye kikapu, akaweka vema moja ndogo. Akaketi vizuri, akanyoosha mgongo, mikono magotini.

"Haya," akasema. "Sasa?"

Nikasimama kama alivyotufundisha. Sukari chini, robo tu safari hii. Nikasema mimi ni fulani, nikataja jina langu lote, lile nililopewa na mama yangu, naomba uso wako, mwalimu, utavaliwa jukwaani mwezi ujao, mchezo ni wa mwalimu.

Alinitazama muda mrefu. Naujua vizuri sana uso ule alionitazama nao.

"Hapana," akasema. "Huu nimeufundishia vya kutosha. Wacha upumzike."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Hapana" kwa wino, na siku. Yeye akaichukua sukari akaingia nayo ndani kupika chai.

Ndiyo maana uso wake hukuuona humu, na hutauona. Nilipofika nyumbani Gachoka aliniuliza nimepata nini. Nikampa daftari. Akasoma lile neno, akaketi kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanishika mkono.

"Sasa ndiyo umeomba," akasema.